Nguruwe wa Mwakirunge

Nilikuwa mwandikaji
barua za mhitaji,
ujira wa kunywa maji,
karibu mahakamani.

Mashine yangu ya chapa,
kiti kimoja na pipa,
na wateja wenye pupa
wamejipanga foleni.

Siku moja ya mvua
Ngowa Tsuma akatua,
kofia ameivua,
tope hadi magotini.

Mwakirunge amezika
baba, mama, na kwa shoka
vichaka akavifyeka,
mihogo katia chini.

Pana jiwe, lina namba,
pembeni mwa hilo shamba;
watoto wamelipamba
kwa macho, na ndevu chini.

Usiku huja mnyama,
pua jembe la kulima;
asubuhi ni lawama
na maganda mashambani.

Akenda kwa askari
wa wanyama, kwa hiari,
kauliza kwa uzuri:
"Nimwinde humu shambani?"

Akajibiwa: "Mzee,
ngoja nikuelezee:
mtego usitembee
ila mwake kitaluni.

"Vitalu viko maili
themanini, huko mbali,
vya wazungu wenye mali
na bunduki mabegani.

"Lakini nguruwe wako,
akila mihogo yako,
ruhusa ni kwa mwandiko
wa mwenye shamba, mjini."

"Mwenye shamba?" kashangaa.
"Miaka kumi kukaa
na mmoja, nikizaa,
sijamtia machoni!"

Ni Bwana Khelefi Hamadi,
mwuza uturi na udi;
hati yake ni ya jadi,
imelala sandukuni.

Nguruwe hajui hati
wala mpaka wa miti;
leo huku, kesho kati
ya mihogo ya jirani.

Ngowa hakungoja neno,
akachimba, kwa mikono,
shimo la dhiraa tano,
akafunika majani.

Usiku, saa ya tatu,
yowe likaleta watu;
kila nyumba ina kitu
kinatokota chunguni.

Habari ikamfika
Khelefi; akaandika:
"Ngowa Tsuma, umeshika
kilicho changu shimoni."

Nikacheka: "Huyu hula
nguruwe? Mtu wa swala
amdai kwa jumla,
toka kwato hadi ini?"

"Soma mbele," kanambia:
"Nyama nimekuachia,
na windo nakupatia,
uwinde humo shambani.

"Ila utie la gumba
dole, ukiri ya kwamba
nimekupa, mwenye shamba,
ruhusa, kwa ihsani."

Kicheko kikakauka.
Sheria nimeishika
kwa kuchapa: ni miaka
kumi na miwili ndani

ya shamba, pasi ruhusa,
wala kodi, wala pesa,
ndipo huweza kugusa
hati ile kortini.

Mwaka mmoja wabaki
Ngowa aipate haki;
wino huu ni mkuki,
Ngowa ndiye wa shimoni.

Majani yaliyotanda
kwenye shimo la kuwinda
ni maneno ya kupenda:
ruhusa, wema, hisani.

Nikamwambia maana.
Alikaa kimya sana,
mvua ikigongana
na bati letu kichwani.

"Andika," kisha kasema,
"nguruwe nimemchoma,
sikuomba. Ngowa Tsuma,
mwizi. Nitieni ndani."

Hakimu akamwambia:
"Mzee, wezi hulia;
wewe wajisingizia,
unacheka kizimbani?"

Khelefi akainuka:
"Namsamehe! Ondoka,
mzee, bila mashaka!"
Ngowa kashika mbaoni.

Hakimu kamhukumu
faini, hati adimu:
"Kawinda ndani ya humu
bila ya mtu idhini."

Kauza mbuzi, kalipa;
risiti, ndani ya chupa,
akafukia, kaapa,
shimo lilelile ndani.

Mwaka haujatimia,
na juzi nimesikia
nguruwe wamevamia
matuta ya pembezoni.

Ngowa haombi kibali,
kachimba shimo la pili;
mbuzi anao wawili
wa kulipia faini.